Maswali ya Wasomaji: Kitambaa, Uzi na Vifuniko vya Mashua ya Matanga

Toleo hili tumekusanya maswali ya wenye mashua wanaotaka kujishonea vifuniko: vya tanga kuu, vya winchi (roda ya kukazia kamba) na usukani, na vibanda vya kuzuia rasharasha. Wengi wameuliza kitambaa kwanza. Sisi tungependa waulize uzi kwanza, kwa sababu kifuniko kinapoharibika mapema, mara nyingi kitambaa bado kizima na mishono ndiyo iliyofumuka. Hata hivyo, tufuate mpangilio wao.

SWALI: Nataka kushona kifuniko cha tanga kuu. Nimeonyeshwa akriliki, poliesta, turubai la pamba na turubai la PVC. Nichukue kipi?

JIBU: Kwa tanga linaloachwa juu ya boriti yake (mti wa mlalo unaoshika ukingo wa chini wa tanga) mwaka mzima, chukua akriliki ya baharini yenye uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Hakikisha ni ile ambayo rangi yake hutiwa kwenye malighafi kabla nyuzi hazijatengenezwa, si ile inayochovywa rangi ikiwa tayari imefumwa. Ya kwanza hukaa miaka mingi juani bila kupauka sana. Ya pili huchujuka upesi. Omba kipande kidogo, ukiloweke kwenye maji yenye klorini ya kufulia kwa dakika 15. Kikibadilika rangi, kirudishe.

Akriliki inapumua. Tanga likifunikwa lina unyevu, unyevu ule hupata pa kutokea, ilhali maji ya mvua huteleza juu kwa sababu ya dawa iliyopakwa kiwandani. Udhaifu wake ni msuguano. Inapogusana na kona ya chuma, na winchi au na kamba inayochezacheza, hutoboka huku sehemu nyingine zote zikiwa kama mpya. Kwa hiyo ukinunua akriliki, nunua pamoja na kitu cha viraka: ngozi, PVC laini au akriliki hiyo hiyo ya kuweka tabaka mbili.

Poliesta ina nguvu zaidi, haivutiki sana na inastahimili kusuguliwa, lakini kwa kawaida rangi yake haivumilii jua kama ya akriliki. Inafaa kwa kifuniko kinachobana kitu chenye pembe, au kinachowekwa na kutolewa kila siku. Turubai la pamba ni zuri kushona, na likilowa nyuzi zake huvimba na kuziba matundu. Lakini husinyaa, huwa zito likiwa na maji, huota koga na hatimaye huoza. PVC huzuia mvua kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo huzuia hata mvuke usitoke: usiku ukipoa, matone hujikusanya upande wa ndani na tanga huamka limelowa. Itumie kwenye viraka, chini ya mifuko na kwenye kuta za kuzuia rasharasha, usiifunikie tanga. Nailoni ya kawaida iache kabisa kwa kitu cha kukaa nje. Jua huila nguvu mapema mno.

Kuhusu rangi: nyeusi na bluu nzito huficha uchafu ila huhifadhi joto, nyeupe na krimu hubaki na baridi ila kila doa la koga litaonekana. Kwa tanga, chagua upendavyo. Kwa kivuli cha watu kukaa chini yake, rangi ya kati ndiyo inayostarehesha macho.

SWALI: Nitahitaji uzi wa aina gani, na kiasi gani?

JIBU: Uzi wa poliesta uliotiwa kinga ya jua, unene wa teksi 90. Nambari ya teksi ni uzito kwa gramu wa mita 1,000 za uzi, kwa hiyo roli la gramu 100 lina mita 1,000 na zaidi kidogo. Kila mita moja ya mshono hula mita 3 hivi za uzi, juu na chini zikijumlishwa. Kifuniko cha tanga chenye mita 30 za mishono kinahitaji mita 90. Roli moja litakutosha na masalio yatakuwa ya marekebisho. Uzi wa teksi 90 uvalishe sindano namba 110, ambayo pakiti nyingine huandika 18. Cherehani ikilemewa, shuka hadi uzi wa teksi 70 na sindano namba 100, yaani 16.

Uzi wa pamba usiutumie. Uzi wa nailoni una nguvu ya ajabu ukiwa mpya, lakini juani hukatika kabla ya poliesta.

Sasa lile tunalotaka ulifikirie. Hata poliesta yenye kinga hufika siku ikachoka, na hufika kabla ya akriliki. Utajua kwa kupitisha ukucha juu ya mshono: nyuzi zikikatika na kutoa vumbi, kifuniko kinahitaji kushonwa upya, si kutupwa. Upo uzi wa PTFE, plastiki ya jamii ya Teflon, ambao jua haliuathiri. Bei yake ni mara kadhaa ya poliesta, lakini kwa kifuniko kinachokaa nje mwaka mzima ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote, kwani kazi kubwa hapa ni mikono yako, na kuifumua na kuirudia yote ni mzigo. PTFE huteleza: legeza mkazo wa juu na wa bobini, na kila mwanzo na mwisho wa mshono rudi nyuma sentimita 2 au 3, la sivyo utafumuka wenyewe.

SWALI: Vipimo vya kifuniko cha tanga nivichukue vipi? Mashua yangu ina boriti ya mita 4.

JIBU: Usipime boriti tupu wala tanga lililokunjwa kwa unadhifu wa sherehe. Likunje kama unavyolikunja ukirudi umechoka, lifunge kwa kamba zake, kisha weka alama kwenye boriti kila sentimita 50 kuanzia mlingotini. Katika kila alama, pima mzingo: anzia sentimita 5 chini ya boriti upande mmoja, pitisha utepe juu ya tanga, ushuke hadi sentimita 5 chini ya boriti upande wa pili. Ongeza sentimita 5 za ulegevu, kwani tanga halikunjiki sawa siku mbili. Kifuniko kinachobana sana hung'oa vifungo na kupasua zipu. Kilicholegea kupita kiasi hupigapiga kwa upepo hadi kijisage chenyewe.

Mbele ndiko penye kazi. Kichwa cha tanga husimama juu ya mkunjo mwingine wote, na mlingoti una winchi na vishikio vya kamba. Pima kimo kutoka chini ya boriti hadi juu ya kichwa cha tanga, halafu ongeza sentimita 15: hiyo ndiyo kola itakayozunguka mlingoti na kukazwa juu kwa kamba, ili maji yanayotiririka mlingotini yasiingie ndani. Winchi izungushe utepe ikiwa humo humo, usiikisie. Andika pia umbali wa kila kamba inayotokea juu au pembeni, hasa ile ya kuinulia ncha ya boriti. Kila moja itahitaji mwanya wake.

Kabla ya kugusa kitambaa, kata kiolezo cha karatasi ya nailoni ya bei nafuu, ile ya kufunikia fanicha wakati wa kupaka rangi. Kivalishe kwenye tanga, kibane kwa vibanio vya nguo, chora palipozidi, punguza. Kosa kwenye nailoni ni la dakika moja. Kwenye akriliki ni la mita moja.

Hesabu yako ya kitambaa iende hivi. Tuseme mzingo mlingotini, pamoja na ulegevu, ni sentimita 140, na nyuma ni 50. Pindo la chini ni sentimita 4 kila upande, kwa hiyo sehemu pana zaidi ni 148. Kitambaa cha upana wa sentimita 152 kinakuruhusu kukata kipande kimoja kinachopita juu bila mshono. Urefu ni mita 4 za boriti, pamoja na sentimita 20 za kuvuka ncha ya nyuma na 40 za mapindo na za kufungia mbele: mita 4.6. Ukiongeza kola, viraka na kitambaa cha kufunika zipu, nunua mita 5.5.

Kitambaa cha sentimita 117 nacho kinaweza kutosha kwa nusu mbili zinazounganishwa juu. Kwa kuwa kila nusu ni pana mbele na nyembamba nyuma, zilaze kinyume, mbele ya moja kando ya nyuma ya nyingine, nazo zitaingia kwenye upana huo. Lakini sasa una mshono mrefu utosini, mahali ambapo jua na mvua hupiga zaidi. Tukiwa na nafasi ya kuchagua, tunachagua kitambaa kipana.

Mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, ufuate urefu wa boriti. Ukikata hanamu, kifuniko kitavutika na kuning'inia kabla msimu haujaisha.

SWALI: Naomba mpangilio wa kushona. Nikianza naishia kufumua.

JIBU: Kufumua kwingi hutokana na kushona vitu vidogo mwishoni, kitambaa chote kikiwa kimejaa chini ya mkono wa cherehani. Anza na vidogo kikiwa bado bapa.

Kata kwa kisu cha moto, chini ukiweka kioo au bati. Joto huyeyusha ncha za akriliki au poliesta na kuzuia nyuzi zisichomoke. Fungua madirisha, moshi wake haufai kuvutwa. Weka alama kwa chaki au penseli ya ushonaji, kwani wino wa kalamu ya kawaida hautoki.

Kisha shona viraka vyote vya msuguano. Kiraka kiwe kikubwa kuliko eneo linalosuguliwa kwa sentimita 3 kila upande, na pembe zake zizungushwe, kwa sababu pembe kali ndiyo huanza kubanduka. Baada ya viraka, miunganiko; kisha mapindo; kisha zipu na kola. Vifungo huwa vya mwisho kabisa, na hupigwa kifuniko kikiwa juu ya mashua.

Kwa muunganiko wa vipande viwili tumia mshono wa kulaza. Weka pande za mbele zikitazamana, shona sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Fungua, laza masalio yote mawili upande mmoja, halafu shona tena kutoka upande wa mbele, milimita 10 kutoka kwenye mshono wa kwanza. Masalio yalazwe kuelekea upande wa juu wa mteremko ili kipande cha juu kifunike cha chini kama makuti ya paa. Ukiyalaza kinyume unatengeneza mfereji unaopokea maji.

Kupiga bandi kwa mkono si lazima. Utepe wa gundi wa pande mbili, upana wa milimita 6, hushikilia pindo refu bila kuteleza. Usipitishe sindano katikati ya utepe kila mara. Gundi hujikusanya kwenye sindano na uzi huanza kuruka. Ikitokea, ifute kwa kitambaa chenye spiriti. Kwenye mishono mirefu weka alama pacha kila sentimita 20 kwenye vipande vyote viwili kabla ya kuanza. Cherehani nyingi husukuma kitambaa cha chini haraka kuliko cha juu, na bila alama hizo utafika mwisho upande mmoja umezidi kwa sentimita 3.

Pindo la chini lisizibwe. Acha kifuniko wazi chini, kikishikwa kwa vifungo kila sentimita 40 hivi, ili hewa ipite na maji yaliyoingia yatoke.

SWALI: Cherehani yangu ni ya nyumbani, ya chuma tupu. Inashona tabaka mbili vizuri, kwenye pindo inaruka na chini panakuwa na vishada vya uzi. Ninunue ya kiwandani?

JIBU: Bado. Cherehani ya chuma inayoshona mstari ulionyooka inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii ikitayarishwa.

Vishada upande wa chini karibu kila mara husababishwa na uzi wa juu: haukuingia sawasawa kati ya visahani vya mkazo, au mkazo umelegea. Inua mguu wa cherehani, toa uzi wote, upitishe upya, kisha shusha mguu. Vifundo vikionekana upande wa juu, ni kinyume: mkazo wa juu umezidi au bobini imelegea. Rekebisha wa juu kwanza, robo mzunguko kwa mara, na ujaribu kwenye makapi yenye tabaka zile zile za kazi yako. Jaribio la tabaka mbili halikuambii lolote kuhusu pindo la tabaka sita.

Kuruka kwa uzi kuna sababu kadhaa. Sindano imechoka: badilisha kila baada ya saa chache za kushona. Sindano ni nyembamba kwa uzi ule: uzi unasuguliwa, unachanika, unakatika. Au kitambaa kinainuka pamoja na sindano kwa sababu mguu haukibani vya kutosha: ongeza shinikizo la mguu. Unapopanda pindo nene, mguu huinama kwa nyuma na mshono hufupika. Weka kipande cha kitambaa kilichokunjwa nyuma ya mguu ili ukae bapa. Sehemu nene kabisa zungusha gurudumu kwa mkono.

Urefu wa mshono uwe milimita 4 hadi 5. Mshono mfupi wa nguo hutoboa kitambaa kama ukingo wa stempu, na hapo ndipo kitachanika. Usikivute kitambaa kwa nyuma kuisaidia cherehani, kwani hupinda sindano nayo hugonga bamba. Kiongoze tu.

Ukipanga kushona vibanda vyenye madirisha, PVC nyingi na tabaka nane, hapo tutakubaliana nawe: tafuta cherehani yenye mguu unaotembea, unaosukuma tabaka za juu na za chini kwa pamoja.

SWALI: Kibanda cha akriliki kimeanza kuvuja baada ya misimu michache. Kitambaa kimekufa?

JIBU: Jaribu kwa matone. Yakisimama kama shanga na kuteleza, kitambaa ni kizima na maji yanapita kwenye mishono. Yakizama na kuacha doa jeusi, dawa ya kiwandani imeisha. Osha kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, suuza mpaka povu liishe kabisa, maana sabuni iliyobaki huzuia dawa isishike, kausha kwenye hewa, kisha paka dawa ya kuzuia maji inayofaa akriliki, mikono miwili myepesi. Usikaushe kwa mashine ya joto. Akriliki husinyaa na vifungo havitafikiana tena.

Mishono inayovuja ipake dawa ya kuzibia mishono, au isugue nta ya nyuki kwa ndani kwenye matundu ya sindano. Angalia pia mahali maji yanapotuama. Akriliki huhimili maji yanayotiririka. Dimbwi lililokaa juu yake litapenya kwa uzito wake, hata dawa ikiwa mpya. Kaza kitambaa au badilisha mteremko wa fremu.

SWALI: Madoa ya koga yanatokaje?

JIBU: Koga haili akriliki, inakula uchafu uliokaa juu yake. Kwa hiyo kusuuza kwa maji baridi mara kwa mara kunazuia zaidi ya dawa yoyote. Ikishaota kwenye akriliki iliyotiwa rangi katika malighafi, changanya mililita 250 za klorini ya kufulia na 60 za sabuni laini katika lita 4 za maji, paka, acha dakika 15, sugua kwa brashi laini, suuza sana. Usiguse nayo pamba, nailoni wala ngozi, na usiichanganye na dawa yoyote yenye amonia au asidi, kwani hutoa gesi ya sumu. Baadaye paka upya dawa ya kuzuia maji.

SWALI: Zipu na vifungo gani vinadumu kwenye chumvi?

JIBU: Zipu ya meno ya plastiki, namba 10, yenye utepe wa poliesta. Zipu ya meno ya chuma hukwama kwa kutu. Ifunike kwa kipande cha kitambaa cha sentimita 5, kwani utepe wa zipu huchoshwa na jua kabla ya kitambaa, na isuuze kwa maji baridi kila unapoosha mashua. Vifungo vya kubana viwe vya chuma kisichoshika kutu. Pete za matundu ziwe za shaba au za chuma hicho hicho, zipigwe kwenye tabaka tatu au nne, si kwenye kitambaa kitupu. Tundu lake litoboe dogo kuliko shingo ya pete ili pete iingie kwa nguvu. Tundu kubwa huachia pete siku ya upepo wa kwanza.

Unapopiga vifungo kifuniko kikiwa kimevaliwa, anza na cha mbele, nenda cha nyuma, kisha cha katikati, kisha gawanya nafasi zilizobaki. Ukienda kwa mfululizo kutoka mbele, utakisukuma kitambaa chote nyuma na mkunjo wa mwisho hutajua uupeleke wapi.

SWALI: Dirisha angavu la plastiki nilishone vipi bila kulipasua?

JIBU: Chukua PVC angavu ya milimita 0.75 au 1. Usikate tundu kwanza. Laza plastiki nzima nyuma ya kitambaa, ishike kwa utepe wa gundi, shona mzunguko wote, ndipo ukate kitambaa cha mbele ndani ya mshono, ukiacha sentimita 2 za kukunja na kushonea mara ya pili. Hivi dirisha hubaki bapa. Shona siku isiyo na joto kali wala baridi: plastiki iliyopata joto huwa imetanuka, na ikipoa dirisha litavuta kitambaa na kukikunja. Lihifadhi kwa kulizungusha roli, kamwe usilikunje, na ulisafishe kwa maji mengi na kitambaa laini. Spiriti na dawa za vioo zenye amonia hulifanya liwe na ukungu usiotoka tena.